Barafu Tuliyoivunja Upande wa Mierebi

Zainagund, Kashmir
9 Januari 2016

Mpendwa mwanangu Hajra,

Nimekuficha jambo kwa miaka thelathini, nalo linamhusu marehemu baba yako, mdogo wangu Samad. Kabla sijalisema, nikujulie hali. Wewe, mumeo na watoto hamjambo huko Toronto? Mimi kifua kimekwisha. Daktari hanipangii tena siku ya kurudi. Naandika na chungu cha makaa mapajani, mistari miwili, kisha napumzika.

Bata na bukini wa kaskazini wamejaa kinamasini mwaka huu. Vijana wa kujitolea bado hufanya tulivyofanya sisi: maji yakiganda, huingia na mitumbwi alfajiri, wakavunja barafu kwa makasia ili ndege wapate pa kula. Wanataka kuchonga kwenye jiwe majina yetu tulioianza kazi hiyo. La baba yako halimo.

Uliniuliza kwa nini Samad alihama bila mtu kumuaga. Hapa husemwa kwamba aliwauza ndege kwa wawindaji. Nisikilize, mwanangu.

Panapovunjwa barafu ndipo ndege wote hushuka. Kwa hiyo mahali pa kesho tulipajua watatu tu: baba yako, mlinzi wa hifadhi na mimi. Jioni moja Qadir, mwindaji, alinikuta kwa mwoka mikate.

"Mwalimu, wakwe wa binti yako wanakuja keshokutwa, nawe utawalisha mboga ya tanipu tupu? Aibu gani hiyo!"

"Nitokee hapa, mwizi wee."

"Niambie tu kesho mnafungua wapi. Bata wawili wanono watakuja wenyewe kubisha mlangoni kwako."

Nikamwambia: upande wa mierebi.

Asubuhi bunduki zililia kutoka kwenye miti ile ya mierebi. Samad aliwakusanya ndege majeruhi ndani ya joho lake, akitetemeka kwa baridi.

Wakwe walikula, wakasifu. Baba yako alionja tonge moja, akasukuma sahani.

"Kaka, bata huyu umemtoa wapi?"

Nikasema sokoni. Hakuuliza tena, wala hakunitaja hata siku aliposhtakiwa mbele ya kijiji.

Nakala ya barua hii nimempa imamu aisome Ijumaa, kabla jiwe halijachongwa. Sikuombi unisamehe. Naomba umrudishie baba yako jina lake mbele ya wanawe na wajukuu.

Shangazi yako Zooni anakusalimu. Amewafumia watoto soksi. Mpe mumeo salamu zangu. Mungu akujalie uzee mwepesi kuliko huu wangu.

Limebaki moja. Siku ile ya mashtaka, baada ya sala, mlinzi alisema wanaoamini kuwa ni Samad aliyewaambia wawindaji wainue mikono. Watu walisita, wakanitazama mimi, kaka yake. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu.

Baba yako mkubwa, akupendaye,
Assadullah