Nilimwambia Mama Mkwe Tunakula Mbegu

Alhamisi, mjini Baraka. Mvua imeanza saa nane mchana na bado inanyesha. Wiki iliyopita ningeifurahia. Leo siwezi, kwa sababu kuna mtu kijijini Lubondja mwenye shamba lililolimwa tayari, na hana cha kutia ndani yake. Kosa ni langu.

Nimeolewa miezi mitatu na nusu. Mnaonisoma hapa mnajua, maana tangu siku ile sijaandika kitu kingine. Nimewasimulia jinsi Amani anavyopiga pasi shati lake mwenyewe asubuhi ili mimi nilale dakika kumi zaidi, na jinsi anavyotamka jina langu, Sifa, kana kwamba amelipata leo. Nampenda mpaka naona haya.

Leo siandiki hayo. Au labda yanahusika, kwa sababu ni raha hiyo iliyonifanya niropoke.

Mambo yalianza na mbegu za chia. Dada yangu wa Uvira alinitumia pakiti yake mwezi wa nane, akaniambia ni chakula kizuri kwa watu wanaoanza nyumba. Ni punje ndogo sana, nyeusi na za rangi ya majivu. Unatia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, unakoroga, unasubiri dakika ishirini, na kila punje inavaa ute wake. Siku ya kwanza Amani aliiinua glasi kwenye mwanga akaitazama.

"Sifa, haya ni mayai ya chura."

Kisha akanywa yote, kwa sababu nilikuwa nimekoroga mimi. Niambieni kama huyo si mume.

Sasa tunazitia kila asubuhi kwenye buyi, uji wetu wa mahindi na soya, na kipande cha ndizi juu. Tumbo la Amani lililokuwa linafunga siku tatu limekuwa jepesi. Anafundisha mpaka saa nane bila kusikia njaa. Mimi ninajiona nimeng'aa, ingawa labda hilo halitoki kwenye chia.

Basi Jumapili moja baada ya ibada, mama mkwe alinipigia simu kutoka Lubondja kuuliza habari zetu. Nilikuwa na furaha, nikataka ajue namtunza mwanawe.

"Mama, siku hizi tunakula mbegu kila asubuhi."

Akarudia, "Mbegu?"

"Ndiyo, Mama. Zimebaki kidogo tu."

"Na Amani naye anakula?"

"Yeye ndiye anazipenda zaidi."

Halafu akasema, "Pole, mutoto wangu. Pole sana." Nilidhani mtandao umekatika katikati na ile pole ilikuwa ya jambo jingine. Sikuuliza.

Siku tatu baadaye motari mmoja akasimamisha pikipiki mlangoni na ndoo nzima ya maharage, imefunikwa kwa kitenge na kufungwa kamba. Akanipa ujumbe kama alivyoagizwa. "Mama anasema muchukue hii, na musiseme kwa bantu."

Musiseme kwa bantu. Mimi nilielewa nini? Nilielewa kwamba mama mkwe ananipenda kuliko wake wa wanawe wengine, na hataki wajue. Niliibusu ile ndoo. Na kwa sababu siwezi kukaa na furaha peke yangu, Jumamosi nikaalika wanawake wanane wa korali, kwaya yetu ya kanisani. Nilipika maharage yale kwa mawese mpaka yakalainika kabisa, nikasonga bugali, nikawasimulia yametoka kwa nani.

"Huyu mukwe wako anakupenda kuliko bwana," mmoja akasema.

"Wangu alinipa jembe," Mama Esther akajibu, "na mupini ulikuwa umevunjika."

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Kwa siku zilizofuata nikaendelea kupika, mimi na Amani tukila. Ndoo ikashuka nusu, ikapita nusu.

Leo asubuhi akapita dada yake Amani, Da Riziki, akienda sokoni na beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwani. Alikuwa ametoka kulala kwa mama yao.

"Sifa, njaa iliisha?"

"Njaa gani, Da Riziki?"

"Usinifiche. Mama aliniambia yote. Eti mulikula mbegu mpaka zikabaki kidogo, na ndugu yangu na ualimu wake wote ndiye alikuwa anakula zaidi. Mama alilia. Akashusha mbegu zake zote kutoka juu ya moshi, akabatumia ninyi. Siku hizi mvua iko inanyesha na yeye iko anaangalia shamba."

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe kwenye simu, tunakula mbegu, kwa masikio ya mama aliyeko kijijini.

Kwa wasio wa huku, nieleze. Kwetu mbegu haiko kwenye hesabu ya chakula. Maharage yanaliwa, mahindi yanaliwa, lakini yakishachaguliwa na kuitwa mbegu yanapanda juu ya moshi wa jikoni na hakuna anayeyagusa. Njaa ikiingia, mtu ataomba kwa jirani, atachimba mihogo michanga, na mbegu itabaki pale. Mtu akisema amekula mbegu, ujue hana tena kitu na hana tena aibu. Siku ya harusi yetu mama mkwe alitupatia beseni la mbegu ya maharage ya kuanzia nyumba. Tuliipanda mvua ya kwanza, na imeota vizuri. Yeye akadhani ndiyo tuliyokuwa tukiila. Akaagiza tusiseme kwa watu ili kutufichia aibu, mimi nikaita watu wanane.

Da Riziki akauliza, "Mutazipanda lini?"

Nyuma yangu sufuria ilikuwa jikoni na maharage ya jana yanapashwa moto. Nilisogea nikasimama mbele yake.

"Jumamosi," nikasema. "Ziko zote. Hatujagusa."

Haya, nimeliandika. Nilidanganya nikiwa nimesimama mbele ya sufuria.

Akajibu, "Muzuri. Nitamwambia Mama asihuzunike," akajitwisha beseni lake akaenda.

Amani aliporudi kutoka shuleni amelowa, nilimwambia yote kabla hajavua viatu. Kwanza akacheka. Kisha akatazama ndani ya ndoo na kicheko kikamwishia.

"Tununue ingine soko, tuchanganye," akasema. "Mama hataona."

Nilitaka sana aseme hivyo. Nilichukua mwavuli nikaenda, nikarudi na maharage ya kujaza ndoo. Tukayamwaga kwenye ungo, ya mama upande huu na ya soko upande ule. Ya mama ni madogo, ya manjano, yote ya ukubwa mmoja, hakuna hata moja lililotobolewa. Ya soko yalikuwa mekundu, meupe, ya madoadoa, mengine yamevunjika, na hakuna anayejua yamekaa ghalani misimu mingapi. Amani alishika punje moja ya manjano akaigeuza kwenye kidole.

"Ataona," akasema taratibu.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, hata kwenye ile miezi ya kuandikiana ujumbe mpaka betri zinaisha. Kila walipokimbia vita, mama yake alibeba mtoto mgongoni na mbegu hii kichwani. Godoro lilibaki, sufuria zilibaki. Mara moja walikaa porini siku nyingi, watoto wanalia, na mama hakuifungua ile kamba. Amani alimchukia kwa ajili hiyo, alikuwa na miaka saba. Waliporudi ndio pekee waliokuwa na cha kupanda, na mama aligawia kijiji.

Mimi nimeipika kwa mawese.

Amani alisema atampigia yeye. Nikakataa. Kwenye simu ya kwanza aliyepiga domo ni mimi, hii pia ni yangu. Yeye akanishikia simu sikioni.

"Mama," nikasema, "ile mbegu ulituma, tuliikula. Imebaki chini ya nusu. Da Riziki nilimudanganya."

Nilisikia mvua ya kwake kwenye bati. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ni njaa, mutoto wangu?"

Alinipa mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo, angenihurumia, na jambo lingeisha hapo.

"Hapana, Mama. Hatukuwa na njaa."

Nikamweleza chia, na korali, na nilivyoelewa vibaya ule ujumbe wake. Hakucheka wala hakugomba. Nilitamani anigombeze.

"Leta zile zimebaki," akasema mwishowe. "Na kuja na jembe. Nguo ya harusi usilete."

Amani anasema hilo la mwisho ni utani, kwamba mama yake akishakutania amekubali. Mimi sina uhakika. Nimehesabu kwa macho: zilizobaki zinatosha sehemu ndogo tu ya shamba lake, na zile tulizokula haziwezi kununuliwa popote. Msimu huu atavuna kidogo kwa sababu mimi nilitaka kusifiwa.

Nimefunga kamba ya ndoo kama alivyoifunga yeye. Motari atakuja saa kumi na mbili alfajiri. Buyi ya Amani nimeshaipanga mezani, chia pembeni, atajikorogea mwenyewe. Nitapanda mistari yote itakayoniruhusu mbegu, na mbegu ikiisha, nitakaa na mama kwenye ile sehemu iliyobaki tupu, aniambie anachotaka kuniambia.