Mjeledi Ulikuwa Umetundikwa

Kaka Lameki,

Nilikuwepo.

Sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si Babu, wala mchungaji aliponiwekea mkono kichwani siku tuliyokuzika. Wote wanajua kwamba Ijumaa ile nilikuwa shule kwenye mdahalo wa Kiingereza. Ni wewe tu uliyejua nilipokuwa, na umeondoka nalo.

Nakuandikia nikiwa Kikuyu, hapa Dodoma mjini, kwa mama mdogo, kwenye kile chumba cha nyuma ambacho dirisha lake halifungi vizuri. Vumbi linaingia taratibu hata upepo ukitulia. Ni mchana, nyumba imenyamaza, jua limekaa ukutani na mimi nalitazama linavyosogea. Mara nyingine sijui kama niko macho. Tangu uondoke nimekuwa hivi. Mwalimu ananiita, wenzangu wanacheka, kumbe mimi niko Mvumi katikati ya mizabibu ya Babu, nimekaa kivulini chini ya dungu, naangalia nyayo zako kupitia nafasi za mbao.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ulikuwa unakaa juu ya dungu kulinda zabibu zikikaribia kuiva. Ukiupasua ule mjeledi wa katani hewani, ndege wanaruka shamba zima kama shuka inayokung'utwa. Siku niliyokiri kwako kwamba natoroka mdahalo kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno yananikimbia, hukunicheka. Wala hukunisema kwa Mama. Ulisema, "Basi njoo uongee na hawa. Hawana adabu, lakini hawazomei."

Ukajifanya Spika, ndege wakawa wabunge. "Mheshimiwa Nyemo, una dakika tano!" Na mimi nasimama kati ya mistari ya mizabibu, naanza "Ladies and gentlemen" kwa sauti ya mbu. Wewe paa! mjeledi. "Utaratibu! Waheshimiwa wanakula zabibu za Babu wakati mwenzao anachangia!" Nikikosa neno la Kiingereza nikachomekea Kiswahili, unanitoa hofu: "Endelea tu, ndege wa Dodoma wote wamesoma." Na ulikuwa hunikubalii kukaa mpaka nimalize kama wanavyomaliza wao bungeni: "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja." Hata kama sikuwa na hoja yoyote. Hata kama nilikuwa nimeongelea tu umuhimu wa maji.

Ijumaa ile nilikuwa sijaanza hata kuongea. Nilikuwa chini ya dungu nakula zabibu zilizopasuka, zile ulizosema ndizo posho yangu. Ulikuwa umetoka kufukuza ndege. Ukautundika mjeledi kwenye msumari wake, kama Babu alivyokuzoesha, maana ukiachwa chini mchwa wanaula. Nauona mpaka sasa, kaka. Mkia wake ulikuwa bado unacheza.

Halafu gari likasimama barabarani nyuma ya uzio. Baadaye ndio nikasikia watu wakisema polisi walikuwa wanafukuza wezi wa pikipiki. Nilisikia milango, nikasikia, "Wewe! Mikono juu!" Ukasimama. Uliinua mikono yote miwili, nikaona kivuli chako kimelala juu ya majani, kirefu, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi. Ulisema, "Shikamoo afande, nalinda zabibu." Ukakanyaga ubao uliokuwa juu ya kichwa changu, polepole, ukasema kwa sauti ya chini, ile yetu wawili, "Kaa chini, Mheshimiwa."

Ule mlio haukufanana na mjeledi. Watu wanaosema unafanana hawajawahi kukaa chini yake.

Ndege wote waliruka. Shamba likawa kimya kiasi kwamba nilisikia zabibu zikidondoka. Sijui nilipita wapi. Najua tu kwamba nilirudi nyumbani jioni na wenzangu wa shule, begi mgongoni, kama mtu aliyetoka mdahaloni, na Mama alikuwa amekaa chini uani katikati ya wanawake. Alinivuta kifuani akaniambia, "Afadhali wewe ulikuwa shule. Afadhali hukuona."

Bado anasema hivyo. Anawaambia wageni. Anaisema akiwa peke yake, akichambua mlenda: afadhali mwanangu hakuona. Ni kitu pekee alichobaki nacho cha kumshukuru Mungu kwa siku ile, na mimi nimeshindwa kumnyang'anya.

Mengi yamebadilika, kaka. Msimu ule hakuna aliyepanda dunguni. Ndege walikula zabibu zote. Wanunuzi walikuja na makreti yao wakakuta vikonyo. Babu alikuwa anakaa mlangoni anawaangalia ndege wakila, na mtu akimwambia, "Mzee, si uwafukuze?" anajibu, "Waacheni. Hao hawakumfanya kitu." Baadaye alipogoa mizabibu, ikatoa yale maji yake pale ilipokatwa, tone moja moja, na yeye akawa anayafuta kwa kidole, mti hadi mti.

Mama naye usingemtambua. Yule Mama aliyekuwa anaogopa hata kumuuliza karani wa kijiji, sasa anasema "jalada" na "maelezo ya shahidi" kama anataja majina ya wajomba. Walipotuambia kwamba ulikuwa na silaha na ndiwe uliyeanza kufyatua, aliufunga mjeledi wako kwenye khanga akaupeleka kituoni mwenyewe. Askari wa mapokezi akaufunua, akacheka kidogo. "Sasa mama, hii si kamba?"

"Ndiyo, baba. Ndiyo silaha yenyewe."

Akaambiwa arudi wiki ijayo. Mama akamuuliza, "Wiki ijayo ipi, baba? Maana nyingine zote nimekuja." Mjomba Yona, ambaye kila safari anavaa lile koti lake la harusi linalomfika magotini, anasema siku ile hata mahabusu walicheka.

Walimzungusha mpaka akapatikana wakili, dada mmoja mwembamba anayeongea taratibu, asiyetudai kitu. Yeye ndiye aliyefanya hakimu afungue uchunguzi wa kifo chako. Sasa wamebadilisha maneno. Silaha imekufa, umebaki mjeledi. Yule afande alisimama wiki iliyopita akasema uliposimamishwa ulikuwa umeushika mkononi, ukaunyanyua, ukaupasua kuwaelekea, na wao gizagiza lile la majani wakadhani ni bunduki. Alisema vizuri, kaka. Alisema kwa adabu, akamwita Mama "mama yangu". Nilikuwa benchi la nyuma nikawa najiona niko chini ya dungu, na mkia wa mjeledi unacheza, unacheza, unataka kutulia.

Hakimu akauliza kama upande wa familia una mtu yeyote aliyeona. Wakili akatugeukia. Nje alikuwa ameshatuuliza: "Hata mtoto? Hata mchunga mbuzi?" Mama akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Wa kwangu mmoja ndiye angeweza kuwa huko, Mungu akamficha shule."

Kesho tunarudi mahakamani. Wakili anasema kama hakuna jipya, hakimu atafunga na maneno ya yule afande ndiyo yatakayobaki. Itaandikwa kwamba ulinyanyua mkono wenye mjeledi. Itaandikwa hivyo hata watoto wangu wasome.

Nimesinzia hapa hapa juu ya karatasi. Nimekuota. Ulikuwa dunguni na ndege wamekaa kwenye nyaya za mizabibu, mstari kwa mstari, hakuna anayekula. Wote wananiangalia mimi. Mjeledi uko kwenye msumari. Nilikuwa nakusubiri uupasue ndio nianze, na wewe ulikuwa umekaa tu, mikono mitupu magotini, unanitazama kwa lile tabasamu lako la pembeni. Nikaelewa kwamba hutaupasua. Nikaelewa kwamba ni mimi wanayenisubiri.

Naogopa, kaka. Yule afande namwogopa, siongopi. Lakini uso wa Mama naogopa zaidi, pale ile "afadhali" yake itakapotoka mdomoni asiipate tena. Atajua nilikusikia ukisalimia. Atajua uliniita Mheshimiwa na hukuita jina lake. Labda atanichukia kidogo kwa muda. Labda atataka kujua kila kitu, na hilo nalo naliogopa. Nitamwambia kila kitu. Hata kivuli chako juu ya majani.

Na kesho nitasimama. Wakili anasema mahakamani sasa ni Kiswahili, kwa hiyo hata kisingizio cha Kiingereza sina. Sauti ikitoka ya mbu, iwe ya mbu. Nitasema ulikuwa umeutundika. Nitasema ulitoa shikamoo.

Lala sasa. Hujui nilivyochoka kukuona umesimama na mikono juu, kila nikifumba macho. Ishushe, kaka. Msimu huu zabibu za Babu nitapanda kuzilinda mimi, nitakaa pale pale ulipokaa, na jioni nikishuka nitautundika kwenye msumari.

Nasikia ndala za Mama uani. Namjua anavyoburuta ile ya kushoto. Anamuuliza mama mdogo, "Nyemo amekula?" na mama mdogo anajibu, "Huyo? Tangu asubuhi kajifungia na kalamu." Karatasi hizi huwa nazisukuma chini ya godoro nikisikia hatua tu, na sasa hivi mkono umeshaanza kwenda wenyewe.

Nimeurudisha. Nimezilaza juu ya shuka, maandishi juu, nimezinyoosha. Sitampa asome. Nitamsomea mimi, kwa sauti, mpaka mwisho.

Amefika mlangoni.

Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja.

Nyemo wako