Tumekuja kwa Ajili ya Jiko

Jumanne, 5 Agosti. Ikwiriri

Nimechambua mchele. Nimefunga sufuria zangu kwenye kapu. Nimepanga nguo, nikazipangua, nikazipanga tena. Kesho safari.

Watoto wamekodi nyumba ya mapumziko huko delta, upande wa Mbwera, kwa ajili ya Nane Nane. Hamisi na dada yake Rehema wanatoka Dar, tunakutana Kibiti. Wanasema Mama apumzike. Tangu nistaafu ualimu sina kazi nyingine ila kupumzika. Nimechoka kupumzika.

Sababu yangu ya kwenda ni nyingine. Bwana Athumani ametaka kunioa na nimekubali. Nimetamka mwenyewe mbele ya kaka yangu, tena bila kuona haya. Kaka ameridhia. Wamebaki watoto.

Rehema simwogopi. Hamisi namwogopa, ingawa nimemzaa. Kwenye arobaini ya baba yake alisimama mbele za watu akasema: "Nyumba ya baba haingii mwanamume mwingine." Alikuwa na uchungu. Wazee wakaitikia. Mimi nilinyamaza, na miaka imepita nikiwa nimenyamaza.

Tumekubaliana hivi: niwaambie watoto huko huko. Jumamosi mshenga, Mzee Salehe, atakuja na boti kuleta posa kwa Hamisi kama kijana mkubwa wa nyumba. Mzee Salehe ni mzaliwa wa Mbwera, haulizi njia.

Kwa hiyo nina Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nimefundisha darasa la kwanza kusoma. Hili litanishinda?

Jumatano, 6 Agosti. Mbwera

Tumefika. Boti kutoka Nyamisati imetulowesha hadi kitambaa cha kichwa. Kusi linavuma, mawimbi ya huku mdomoni mwa mto yana hasira, na ufukweni imelala mikoko iliyong'olewa, mizizi juu. Pwani kali. Nimeipenda hapo hapo.

Nyumba sasa. Iko juu ya nguzo, nyeupe, imenyooka kama boksi la viatu. Ndani hamna kitu. Chumba kimoja kikubwa, magodoro matatu juu ya mbao, meza moja, benchi moja. Hakuna pazia. Hakuna kabati, au lipo limejificha. Bafu lina ukuta mfupi usiofika juu, ukikohoa mle ndani mtu wa barazani anakwambia pole. Nikauliza wenyewe watahamia lini. Rehema akacheka mpaka akashika benchi. Anasema huo ndio mtindo wa kisasa, vitu vichache, akili inatulia.

Yangu haijatulia. Katika nyumba isiyo na kona, siri unaiweka wapi?

Bwana Athumani amepiga simu baada ya magharibi. Mtandao unapatikana ncha ya baraza tu. Nikasimama pale, nikamjibu kama ninaongea na fundi bomba. Ndiyo. Hapana. Bado. Sawa. Hamisi akauliza nani. Nikasema watu wa mashine ya kukoboa. Si uongo. Mashine ni yake.

Alhamisi, 7 Agosti

Jiko limetugomea.

Ni kioo cheusi kilicholala juu ya meza ya jikoni. Halina kitufe. Hamisi amelipapasa kama anayetafuta miwani gizani, likawaka taa nyekundu. Tukateleka sufuria yangu ya wali. Likalia pii, pii, pii, likazima. Tena. Tena. Hamisi ana digrii mbili na bado maji ya baridi.

Nikashuka chini nikaokota mafiga. Si mawe, huku mawe hakuna, ni vipande vya tofali walivyoacha mafundi. Kuni za mkoko zinashika moto vizuri. Wali, kamba wa nazi, kachumbari. Rehema amekula mpaka akalegea. Hamisi alikula akinuna, macho kwenye jiko la kioo. Mwanangu huyu hapendi kushindwa, amerithi kwangu. Akaenda ncha ya baraza kumpigia mwenye nyumba, akamwambia alete fundi au aje alichukue jiko lake.

Nilitaka kusema tukiwa tunakula. Nikafungua mdomo kabisa. Nikasema, "Hamisi, mwanangu." Akasema, "Naam, Mama." Nikasema, "Ongeza kamba."

Mwoga mkubwa mimi.

Humu ndani siwezi kujidanganya, kwa hiyo niandike. Nilikuwa napeleka mpunga mashineni kwake kwa gunia. Siku hizi napeleka debe, ili nirudi kwake upesi. Zamani Bwana Athumani alifanya kazi kwenye pantoni pale Ndundu, kabla ya daraja. Anasema alinivusha nikiwa mwalimu mpya, na kwamba niliwapanga abiria wote foleni kabla pantoni haijatia nanga. Simkumbuki. Lakini hilo la foleni naliamini. Ananichekesha. Nilisahau kwamba ninacheka kwa sauti.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hamisi ameswali Ijumaa kijijini, amerudi na kaa wawili wakubwa na uso mkunjufu. Nikasema leo ndiyo leo.

Tulitembea ufukweni watu watatu. Maji yametoka, matope yanang'aa, upepo unavuta kanga. Hamisi akasema anaipenda ile nyumba kwa sababu ya ukimya. Watu wanalipia ukimya siku hizi, akasema. Nikamjibu kwamba mimi nimejaa ukimya Ikwiriri na sijapata mteja. Nina viti sita na anayekaa ni mmoja. Nilisema kwa utani. Rehema alicheka. Hamisi hakucheka, aliniangalia. Akauliza, "Kwani jioni unakula na nani?" Nikasema na redio.

Mlango ulikuwa wazi. Ningeingia tu. Lakini akaanza kumzungumzia baba yake, jinsi alivyokuwa akitenganisha kaa kwa mkono bila kuvunja ganda. Alizungumza vizuri, taratibu. Nikashindwa kumtia mwanamume mwingine katikati ya maneno yale. Marehemu alikuwa mtu mwema. Nilimpenda. Hilo nalo ni kweli, na halipunguzi la pili.

Alasiri mwenye nyumba amepiga simu: fundi wa jiko atakuja kesho asubuhi kwa boti. Hamisi kafurahi kama aliyeshinda kesi.

Nami kesho asubuhi nina wageni wangu kwa boti. Nimekwenda ncha ya baraza kumwambia Bwana Athumani azuie, asogeze, asingizie maradhi. Mtandao hakuna. Nimekwenda tena. Nimepanda juu ya benchi. Hakuna. Rehema akauliza kama ninaangua embe.

Naogopa. Nitawaambia kesho baada ya swala ya alfajiri. Wallahi.

Jumamosi, 9 Agosti. Asubuhi

Sikuwaambia. Baada ya swala Hamisi alirudi kulala. Nikasema nioge kwanza, niwe msafi, ndipo nimwamshe. Niandike upesi kabla sijasahau hata neno. Nicheke au niogope, sijui.

Nilikuwa nimejipaka sabuni kuanzia kichwani. Nikasikia boti. Nikasikia hodi. Sauti ya Mzee Salehe, ile ya misikitini. Na nyuma yake sauti ya Bi Pili, dada yake Bwana Athumani. Maji nayo yakakatika. Nikabaki na povu, nikiwasikia vizuri kuliko walivyosikiana wenyewe.

Hamisi akawakaribisha. Mzee Salehe akakohoa, akasema kama wasemavyo washenga wote tangu dunia kuumbwa:

"Baba, sisi tumekuja kwa ajili ya jiko."

"Alhamdulillahi!" akasema mwanangu. "Tunawasubiri tangu jana. Hilo jiko limetutesa, wazee wangu."

Mshenga wa kweli hatetereki.

"Limewatesa vipi, baba?"

"Halishiki moto. Ukiligusa linalia tu."

"Ah. Pengine halijampata wa kuliwasha."

"Ndiyo maana nimewaita."

"Kumbe mmetuita wenyewe?"

"Nimepiga simu mimi mwenyewe. Na mkiona mnaweza kuondoka nalo, ondokeni nalo leo hii. Msilirudishe."

Nilitaka kupiga kelele. Sabuni ikaniingia mdomoni.

"Leo hii?" Mzee Salehe sauti ikampanda kidogo. "Hamtaki hata kuuliza linakwenda kwa nani?"

"Kwa yeyote anayelitaka. Sisi mafiga yanatutosha. Lichukueni, kwa moyo mmoja."

Bi Pili akapiga kigelegele. Kirefu, cha Kirufiji, cha kupasua kioo kile cha madirisha.

Nikasikia Rehema akisema, taratibu kabisa, "Kaka. Hawa si mafundi." Halafu nikasikia kitu kikianguka. Ni yeye, amekaa chini kwa kicheko.

Nikatoka na kanga mbili na povu sikioni. Wakanigeukia wote. Mzee Salehe akanisalimia kwa heshima, akamwambia Hamisi: "Na jiko lenyewe hilo hapo. Mwenye kulitaka ni Bwana Athumani wa Ikwiriri, mwenye mashine."

Hamisi akaniangalia. Akatazama jiko la kioo. Akaniangalia tena. Nikasema, "Nilitaka kukwambia tangu Jumatano." Akashuka ngazi, akaenda zake ufukweni.

Bado yuko huko. Namwona kutoka hapa, nyumba hii haina pazia. Amekalia mkoko ulioanguka, mgongo kwetu. Wageni wanakunywa chai ya mafiga na wanamsifu. Mzee Salehe anasema hajawahi kukutana na kijana hodari wa mafumbo kama yule.

Siwezi kumpoteza mwanangu. Na kurudi kwenye viti sita nako siwezi. Ndivyo ilivyo.

Jumamosi. Baada ya alasiri

Alirudi suruali imelowa magotini. Sikumfuata, Rehema alinizuia. Akawaomba radhi wageni kwa kuondoka bila kuaga. Akakaa mbele ya Mzee Salehe, akanyoosha mgongo. Nikamwona baba yake kabisa.

Akasema: "Mzee wangu, kuna neno niliwahi kulisema mbele za watu. Kwamba nyumba ya baba haingii mwanamume mwingine. Neno hilo silifuti."

Bi Pili akaweka kikombe chini.

"Lakini sikusema kwamba Mama asitoke," akasema Hamisi. "Huyo Bwana Athumani ana nyumba yake?"

"Anayo, baba. Ya bati, na kisima."

"Basi amchukue. Asubuhi nimesema lichukueni kwa moyo mmoja. Mbele ya mashahidi. Nitageuka vipi?"

Nililia. Mbele za watu, mwalimu mzima. Hamisi akaja akakaa karibu yangu kwenye lile benchi moja, akasema kwa sauti ya chini, "Redio nayo uende nayo, Mama. Atakapokununia." Nikampiga kofi la mgongo. Akacheka. Tukacheka wote, na kigelegele kikarudi. Rehema alijibu, hakujua kama anaweza.

Mzee Salehe ameondoka na maji kujaa. Kabla ya kupanda boti alimwuliza Hamisi alikuwa fundi wa mafumbo tangu lini. Hamisi akasema tangu leo asubuhi.

Jumapili, 10 Agosti

Fundi wa jiko amefika, amechelewa siku nzima. Binti mdogo, begi mgongoni, hana maneno mengi. Akaigusa sufuria yangu, akatikisa kichwa. Jiko hilo linataka sufuria inayoshika sumaku, hizi zetu za aluminiamu halizitambui. Akasukuma ubao wa ukutani, ukafunguka. Kumbe kabati hizo. Mle ndani sufuria za nyumba zimepangwa, nzito, hazijaguswa. Jiko zima kabisa. Kosa letu.

Tumepika chai juu yake kwa heshima tu. Ikachemka upesi, bila moshi. Hamisi alisema si tamu kama ya mafiga. Sikubishana naye.

Tumefagia mchanga. Nimekunja shuka, nimefuta meza. Nyumba imerudi kama tulivyoikuta, haina kitu. Nimekaa kidogo peke yangu kwenye benchi. Nje Rehema na kaka yake wanabishana nani abebe kapu la sufuria. Upepo umelala. Pwani imetulia leo, maji ya rangi ya chai ya maziwa, ndege wawili juu ya mikoko.

Simu ikaita. Imeshika mtandao hapa hapa nilipokaa, leo tu. Hamisi akachungulia mlangoni, akaona jina, akasema, "Pokea, Mama. Hao watu wa mashine."

Nikapokea pale pale, sikwenda ncha ya baraza. Bwana Athumani akauliza watoto wamelipokeaje. Nikamwambia ajiandae. Nikamwambia jiko linakuja, na sufuria zake.