Machungwa Yasiyo na Mlinzi

Walthamstow,
London E17.

2 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Kamande,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka nyumba hii ya dada yako. Kabla ya jambo lolote, ningependa kujua magoti yako yanaendeleaje sasa baridi inaposhuka kutoka mlimani, na kama kikohozi cha mkaza mjomba kimemwacha alale. Nimefurahi pia kusikia kwamba mwanao Allan na mkewe Shiku wamepata makao yao wenyewe pamoja na mtoto, ingawa hakuna hata mmoja wenu aliyenieleza ni wapi. Sisi huku hatujambo. Mama Mkubwa Margaret anakula na kulala vizuri, na tangu alipostaafu uuguzi amekuwa akitembea kwa kasi inayonishinda.

Uliagiza kwamba taarifa hii niiandike kwenye karatasi na kuituma kwa posta, kwa kuwa kundi letu la familia kwenye simu halina siri. Nimetii. Ninaiandika maktabani, nikiwa nimeuelekezea ukuta mgongo, kwa sababu Mama Mkubwa ana marafiki wengi Walthamstow na sijui ni yupi anasoma Kiswahili.

Bila shaka unakumbuka ulivyonipigia simu mwezi wa Februari, mara tu uliposikia kwamba amejiandikisha kwenda Japani na kundi la watu wanaozuru nchi kwa miguu, kwa baiskeli na kwa kupiga kafi baharini. Ulisema mjane wa miaka sitini na mbili haendi kutafuta milima, anakwenda kutafuta mume. Uliniuliza mara tatu swali lilelile: je, atarudi nyumbani Naro Moru au atabaki huko London? Kisha rafiki yake Gaudensia, muuguzi wa Bukoba, akaumia goti, nami nikapewa nafasi yake katika safari. Ukaniambia, "Nenda naye, Gakii, na ufungue macho." Ukaahidi kwamba nikikuletea taarifa kamili utanikutanisha na rafiki yako mwenye kampuni ya utalii pale Nanyuki, jambo ambalo mtu mwenye Shahada ya Uzamili ya Usimamizi wa Utalii hawezi kulichukulia kwa wepesi. Kwa hiyo niliifanya kazi hii kwa uadilifu uleule nilioufanyia tasnifu yangu.

Nianze na yaliyotangulia safari. Tangu Machi, kila Jumapili kabla ya ibada, Mama Mkubwa alitoka nyumbani amevaa suruali. Alirudi akinuka dawa ya kuchua, magoti yakiwa na michubuko. Nilipomuuliza, alisema amejigonga mlangoni. Mjomba, ni mlango gani unaompiga mtu magoti yote mawili?

Jumapili moja nilimfuata. Alipanda treni ya chini ya ardhi, akabadilisha, akavuka jiji lote hadi Thornton Heath, nami nikiwa behewa la pili nimejifunika skafu. Huko, katika bustani ya umma, nilimwona akiwa juu ya baiskeli, na nyuma yake mzee mmoja wa Kihindi akikimbia huku ameshika tandiko.

"Tazama mbele, Margaret! Ukitazama gurudumu utaangukia gurudumu!"

"Usiniachilie, Ramesh! Nimekwambia usini... Umeniachilia!"

Alikuwa amemwachilia zamani. Mama Mkubwa alikwenda mwenyewe mpaka kwenye kichaka, akaingia humo.

Nilifanya uchunguzi. Bwana Ramesh ni mfamasia mstaafu na mjane. Alizaliwa Nanyuki, baba yake akiwa na duka la nguo, wakahama yeye angali mtoto. Anaishi Hounslow, yaani pembe nyingine kabisa ya jiji. Nikajiuliza kwa nini mtu wa Hounslow na mtu wa Walthamstow wakutane Thornton Heath, kama si kwa sababu huko hakuna anayewajua wote wawili. Baadaye niliambiwa kwamba binti yake anaishi huko na baiskeli ni ya binti. Niliyapokea maelezo hayo, lakini sikuyaamini moja kwa moja.

Kwa upande mwingine wa mizani, nilikumbuka mapazia. Mwaka juzi mimi na Mama Mkubwa tulizunguka soko la Walthamstow tangu mwanzo hadi mwisho wake, akitafuta kitambaa cha nyumba yake ya Naro Moru. Alichagua kimoja cha manjano chenye picha za kanga wanaokimbia, jora la mwisho, na muuzaji akaapa kwamba hakitatengenezwa tena. Aliyashona mwenyewe, akayaleta Krismasi, ukayatundika wewe. Mwanamke anayekusudia kuolewa London hashoni mapazia ya Naro Moru. Hilo lilinisumbua, kwa sababu halikupatana na maoni yako.

Sasa Japani. Tulianza kwa miguu, katika bonde la Kiso, kwenye njia ya kale ya mawe iliyokuwa ikipitiwa na wasafiri wa zamani. Kiongozi wetu, Bi Haruka, ni mwanamke mdogo wa umbo aliyepanda mlima akisimulia bila kuhema. Kandoni mwa njia kuna kengele kwenye nguzo, na msafiri huzigonga ili dubu wasikie na kujiepusha. Bwana Ramesh aligonga kila kengele. Mama Mkubwa alikuwa mbele, na kila kengele ilipolia alicheka bila kugeuka. Nilishuku kwamba ni ishara walizopatana. Nilipozigonga mimi, hakucheka.

Katika nyumba za wageni za huko viatu huachwa mlangoni, na kuna ndara za ndani, na ndara nyingine za msalani tu. Mama Mkubwa alitokea mezani kwa chakula cha jioni amevaa za msalani, Bwana Ramesh akavua zake na kumsogezea kwa mguu chini ya meza, yeye mwenyewe akala akiwa na soksi. Wengine hawakuona. Mimi niliona. Kuhusu bafu la pamoja, Mjomba, naomba heshima iniruhusu nisiseme neno.

Kutoka bondeni tulikwenda kwa treni hadi bahari ya ndani, ambako visiwa vimeunganishwa kwa madaraja marefu, na juu ya madaraja hayo kuna njia ya baiskeli. Nakiri kwamba sijawahi kuona kitu kilichopangwa vizuri namna ile. Mama Mkubwa aliendesha amekaza shingo, akiimba tenzi za kanisani kila upepo ulipomsukuma, na hakuanguka.

Visiwa vile vinakuza machungwa, na kandoni mwa barabara kuna vibanda vidogo vya mbao. Machungwa yamo ndani ya mifuko, pana kopo la kutia sarafu, na hakuna muuzaji. Hakuna mtu kabisa. Nilizunguka nyuma ya kibanda.

"Unatafuta nini huko?" Mama Mkubwa akauliza.

"Mlinzi."

Bi Haruka aliziba mdomo kwa mkono. Mama Mkubwa hakujizuia. "Huyu mtoto," alimwambia Bwana Ramesh, "siku akifika mbinguni atauliza kamera ziko wapi."

"Na Petro atamwonyesha," akajibu Bwana Ramesh. Alimenya chungwa na kumpa nusu kubwa. Hilo pia nimeliweka kwenye taarifa.

Jioni hiyo Shiku alinitumia video ya mtoto akiogeshwa. Nilimjibu kwamba mtoto amekua, nikalala.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kayaki, yaani mitumbwi myembamba ya plastiki ambayo mtu huketi akiwa amenyoosha miguu, na kafi lake lina bapa pande zote mbili. Bi Haruka alimchukua Mama Mkubwa, nami nikapangwa chombo kimoja na Bwana Ramesh. Nilijiuliza ni nani aliyeomba mpango huo. Hata hivyo niliona ni fursa ya kumhoji mahali ambapo hangeweza kuondoka. Tulipofika mbali na wenzetu nilimuuliza, kwa lugha ya adabu, ana makusudi gani na mama yangu mkubwa.

"Binti," akasema kutoka nyuma yangu, "unapiga kafi upande mmoja tu. Tunazunguka."

Ilikuwa kweli. Tulikuwa tumeizunguka sehemu ileile ya maji.

Nilipobadilisha upande alizungumza mwenyewe. Alisema anataka kuiona Nanyuki kabla miguu haijamkatalia. Mama Mkubwa anarudi nyumbani Agosti, si kwa matembezi bali moja kwa moja, na kundi hili la watembeaji litamsindikiza. Watalala kwake Naro Moru na kupanda mlima wakitokea hapo, na mambo yakienda vizuri atapokea kundi kila mwaka. Ndiyo sababu nilimwona Japani nzima akipiga picha ngazi, vishikio, vibao vya njia na namna matandiko yanavyokunjwa. Nilidhani ni kisingizio. Alikuwa akisoma kazi, Mjomba, na amesoma vizuri kuliko wengi niliosoma nao.

"Je, hakuna jingine?" nikamuuliza.

"Kama lipo jingine, muulize mwenye nalo. Kulia sasa. Kuna mwamba."

Tulipumzika kwenye kisiwa kimoja kidogo chenye nyumba nyingi zilizofungwa, maana vijana wote wamehamia mijini. Tulimkuta bibi mmoja akifungua madirisha ya nyumba ambayo haikuwa yake. Bi Haruka alitufasiria. Mwenye nyumba yuko mji wa mbali miaka mingi. Bibi huyu ni jirani tu. Kila wiki huingia, hufungua madirisha, hufagia, hufunga, hurudi kwake, kwa sababu nyumba isiyopitishwa hewa huoza mbao, na mwenyewe aliposema atarudi hakusema lini.

Mama Mkubwa alisimama akiwa bado amevaa jaketi la kuelea, maji yakimdondoka. Macho yake yalijaa. "Mwambie," akamwambia Bi Haruka, "hata mimi ninaye wa kunifungulia. Ndugu yangu. Kila Jumamosi."

Bibi yule aliinama akamsalimu kwa heshima, na nilielewa bila kufasiriwa kwamba salamu ile ilikuwa yako.

Hapo ndipo nilipoikumbuka video. Niliitoa simu kwenye mfuko wake usioingiza maji, nikaitazama tena nikiwa nimesimama nyuma ya ukuta. Mtoto yuko kwenye beseni, Shiku anaimba, na nyuma yao liko pazia la manjano lenye kanga wanaokimbia.

Mjomba wangu mpendwa, nimefundishwa kwamba mtafiti mwaminifu hufuata ushahidi hata usipoelekea alikotumwa. Ulinituma nimchunguze Mama Mkubwa, nami nimemchunguza. Sikupata lolote la kufichwa ila michubuko ya magoti. Lakini sasa nashindwa kujizuia kulitazama swali lako upya. Uliuliza mara tatu kama atarudi, na sikumbuki ukisema hata mara moja kwamba ungependa arudi. Uliagiza karatasi badala ya simu. Labda nimekosea, na labda Allan na Shiku walikwenda pale kwa Mama Mkubwa kuogesha mtoto siku hiyo moja kwa sababu ya maji. Ikiwa ndivyo, nitakuomba radhi kwa kupiga magoti. Ila kitanda cha mtoto kilikuwa kimesimamishwa chini ya dirisha, na ukutani palikuwa na picha ya harusi yao.

Siwalaumu Allan na Shiku. Nyumba tupu hushawishi, na mtoto anahitaji paa. Huenda hata Mama Mkubwa angekubali kama angeulizwa, kwa maana unamjua moyo wake. Hakuulizwa.

Sijamwambia. Juzi, Jumamosi, alikuwa jikoni akikata sukumawiki. Alitazama saa, akaongeza saa mbili za kwenu, akasema, "Kamande sasa anafungua madirisha." Nilijifanya natafuta chumvi.

Kuhusu Bwana Ramesh, taarifa yangu ni kwamba ushahidi hautoshi. Bado namtilia shaka kidogo kwa ajili ya ile nusu kubwa ya chungwa, lakini nimeamua kwamba shaka hiyo si mali ya familia. Na kuhusu rafiki yako wa Nanyuki, nakushukuru kwa wema wako, lakini usimsumbue. Nitamwandikia mwenyewe kama waombaji wengine, nisije nikalipwa kwa barua ambayo huenda hukuitaka.

Ninalo ombi moja. Jumamosi hii, Mama Mkubwa anapotazama saa, mpigie simu wewe mwenyewe. Mweleze ni nani aliye nyuma ya mapazia yake na kwa nini, na umpe muda wa kukasirika na muda wa kusamehe kabla ya Agosti. Mimi sitamwambia kabla yako. Lakini akiniuliza, Mjomba, nitamjibu, maana ni yeye aliyenipokea katika jiji hili nilipokuwa na sanduku moja na simjui mtu.

Nisalimie mkaza mjomba, na Allan, na Shiku ambaye sina neno baya naye, na umbusu mtoto aliyekua. Mwambie Mzee Wanjohi, jirani yetu, kwamba redio yake Mama Mkubwa ameinunua na atakuja nayo mkononi. Yeye hajui kwamba nakuandikia, lakini hakuna siku anayosali bila kukutaja, na hutajwa wa kwanza.

Mungu akupe nguvu ya magoti, na ya ulimi, na ailinde nyumba ile pamoja na wote waliolala ndani yake usiku huu.

Wako akupendaye na kukuheshimu daima,

Mpwa wako,
Gakii