Neno Langu Juu ya Kahawa ya Baba Yako

Mwanangu Mwakio,

Kwanza nataka kujua kama unakula, na kama kifua cha mkeo kimepoa. Sisi huku Buxton tu wazima. Joto la Mombasa linatupika, lakini tunaamka. Dada yako Mghoi ndiye anayeandika. Mimi shule niliipita nje nikibeba kuni. Nimemkataza asipambe maneno yangu.

Barua yako alinisomea. Umesema huko Taita mvua ilidondoka kidogo, kahawa ikatoa maua, kisha jua likayakausha yote. Sikulia wala sikukasirika. Mghoi akauliza, "Mama, umesikia?" Nikamwambia nimesikia, aniongeze chai. Tangu tumzike baba yenu niko hivyo. Habari zinafika, zinakaa mlangoni, haziingii.

Kuna mzee anauza kahawa chungu Mji wa Kale. Mghoi alinipeleka, tukaketi barazani kwake. Nikamwambia nimelima kahawa tangu niolewe na sijawahi kuinywa. Alicheka mpaka akaweka dele lake la kahawa chini.

"Nyinyi mwailima na hamuinywi? Basi nyanya, mwanywa nini?"

"Chai. Kahawa ilienda kiwandani, haikurudi."

Akanipa kikombe bure. Nilikunywa. Ni chungu. Sikuona zaidi ya hapo.

Sasa la baba yako mdogo. Amekuzuia kung'oa kahawa, anasema ni kumtukana marehemu ndugu yake, na anataka kusikia kwangu mimi mjane. Msomee hili mbele ya watu.

Ng'oa. Ile mistari inayokauka itoe. Panda mikuyu na migomba katikati, na maharage chini, kahawa itakayobaki ipate kivuli. Majani yakianguka yaache yaoze pale pale. Najua watakucheka. Kwetu mke alipimwa kwa usafi wa shamba. Mama mkwe wangu alikuwa anainama kutazama chini ya kahawa, akiona majani anauliza kama nimeugua. Mikuyu ya zamani baba yako aliikata kwa sababu watu wa kahawa walitaka shamba jeupe, lisilo na kivuli, na wakati ule mvua ilikuwa inakuja. Hakukosea. Mvua ndiyo iliyobadilika. Mwambie mdogo wake kwamba marehemu hakuoa ile miti, alinioa mimi.

Umeandika kwamba pale pembeni ulipojaribu kupanda miti ya kivuli, ndege wamerudi wanakula wadudu wa kahawa, na udongo una unyevu hata kiangazi. Hiyo yanitosha.

Kando ya kaburi la baba yako mliniachia nafasi yangu ya kuzikwa, nikasema isipandwe kitu. Pale ndipo jua linapochoma kuliko kote, na kahawa iliyo mteremkoni chini yake ndiyo bado inazaa. Panda mkuyu hapo, uwe wa kwanza. Mimi mtanitafutia pengine, sichagui. Baba yako mdogo akisema tunamvunjia ndugu yake heshima, mwambie nimeanza na mahali pangu.

Msalimie mkeo, avae sweta. Wabusu wajukuu wangu, na yule anayekataa uji mwambie namwona kutoka huku. Baba yako mdogo naye mpe salamu na chai ya maziwa. Ni mbishi, lakini ndiye aliyenishika mkono kaburini.

Ni mimi mama yako, Wawuda. Hiki kidole cha wino ni changu, wasije wakasema Mghoi amejitungia.