Sauti ya Pili

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, isipokuwa nyonga yangu. Miezi mitatu sasa sijashuka kitandani, na nyufa za dari nimeshazipa majina. Ile flashi yenye tamthilia imefika. Picha safi, ila wote wanasema lugha yao, na maandishi ya chini siyaoni. Mimi nilitaka ile ya Kiswahili, ambayo marehemu mama yako alimwekea sauti yule nesi wa kwenye mchezo. Dada yako amebonyeza kila kitufe. Tufanyeje?

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Pole na nyonga. Mimi mzima, bado nimo humu chini kwenye maktaba ya video, chumba kisicho na dirisha. Msihangaike na vitufe. Faili la video ni kama sanduku: ndani mna picha, na sauti zinaweza kuwa mbili, ya lugha yao na ya kwetu. Televisheni ya zamani husoma ile ya kwanza tu. Nitakutumia faili la aina nyingine.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Flashi ya pili nimeipata. Fundi wa mtaani kaifungua kwenye kompyuta yake, akasema, "Mzee, televisheni yako haina kosa. Humu mna sauti moja tu." Nikamjibu kwamba hii ndiyo kazi ya mwanangu, hawezi kukosea. Hebu niambie kuna nini.

Baba yako

30 Mei

Shikamoo Baba,

Barua zako tatu sikuzijibu, na sasa naona aibu hata kuuliza hali. Mwaka jana mkuu wangu alitaka nafasi iongezwe kwenye mitambo ya kuhifadhia video. Nikazibadilisha sehemu zote hamsini na mbili za tamthilia ile ziwe faili ndogo, nikasahau kuweka alama ya kuibakiza sauti ya pili. Kisha nikazifuta za mwanzo. Kiswahili chote kimekwenda, na mama humo humo. Hakuna ajuaye. Kila anayeiomba namwandikia, "Iko kwenye matengenezo." Maji yamenifika shingoni, Baba. Nikisikia hatua kwenye ngazi, nazima kompyuta.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Nililia, sikufichi. Sasa nisikilize. Huenda kuna mtu aliirekodi tamthilia ile nyumbani kwake ilipokuwa ikionyeshwa, na kanda hiyo anaitupa wiki hii kwa sababu anajua ninyi mnayo. Ukinyamaza, na mwingine atatupa yake. Mwambie mkuu wako.

Baba yako

2 Julai

Shikamoo Baba,

Nimemwambia. Alinyoosha mkono tu, nikampa funguo. Nimesimamishwa kazi, tangazo la kwamba Kiswahili kimepotea hawatoi, na nimekatazwa kulisema jambo hili nje. Ninalisema. Nawazungukia walioweka sauti, mmoja mmoja. Jana nilimwendea yule aliyemwekea daktari sauti. Kanda hana. Lakini alipofungua mlango alisema, "Karibu, kijana," kwa sauti ileile iliyokuwa ikimwita mama katika kila sehemu ya tamthilia, "Nesi, njoo." Nikashindwa kuingia. Nikasimama pale mlangoni, nikamwomba aseme tena.

Mwanao