Namba za Mkono Wako

Mwaka umetimia leo, Baba Kitinda, tangu ututoke, na bado hatujazoea.

Kazi yako ilitushinda kuwaeleza majirani. Ulikadiria mitikisiko ya mlingoti wa antena, mrefu kuliko uwanja wa mpira na mwembamba kama ufito, ambao ungekunjuliwa angani kutoka kwenye setilaiti. "Hapa chini haupimiki," ulituambia, "unapindwa na uzito wake wenyewe. Mpaka ufike juu, uusukume kidogo, usome vipima mtikisiko: unayumba mara ngapi, unatulia baada ya muda gani. Hapo ndipo utaujua ugumu wake." Dada yako mshonaji akadakia, "Kumbe unalipwa kutikisa vitu!" Ulicheka hadi machozi.

Na kweli, nyumbani hakikusalimika kitu. Kamba ya nguo, ngazi, kitanda cha mtoto, vyote ulivigusa kwa kidole ukahesabu kwa sauti. Ulikuwa mpole, hukuwahi kumfokea mtu, hata sisi tulipokuvurugia hesabu makusudi.

Kisha mkono wako wa kulia ukaanza kutetemeka. Ukajifunga kipima mtikisiko, ukabandika namba kwenye mlango wa jokofu: mara tano kwa sekunde. Tukacheka. Kila Jumapili ulipima upya, mtetemo ukizidi kukua, nasi tukikutania kwamba chai yako haihitaji kijiko. Wewe mwenyewe ulisema ni uchovu tu. Jumapili kumi na moja! Namba zilitukodolea macho kila tulipofuata maziwa.

Daktari alipouona uvimbe kichwani, aliuliza swali moja: "Mtetemo ulianza lini?" Tukamtajia hadi tarehe. Aliinamisha kichwa.

Majuto ni mjukuu, wahenga walisema. Wa kwetu amehamia kabisa, anakula nasi mezani.

Mwezi uliopita mlingoti ulikunjuliwa. Mwenzako wa ofisini alikuja mbio kutuambia kwamba makadirio yako yalikuwa sahihi, karibu yote. Tulimshukuru, tukampa kiti. Hakuna aliyefurahi. Heri ungekosea kule, ukapona hapa.

Tunaokulilia ni mkeo. Wanao wawili, Kitinda na kaka yake. Dada yako mshonaji. Na mama yako mzazi, ambaye mpaka leo hajaweza kulitamka jina lako. Hatutakusahau maisha yetu yote, wala hatutajisamehe.